Tulivyochagua kifaa cha kuomba msaada baharini kwa boti yetu ya Mikindani

Tangu boti yetu ifungwe kile kifaa cha njano karibu na usukani, kila nikishuka diko, pale boti zinapoteremsha samaki, lazima mtu anisimamishe aniulize kimenunuliwa wapi na ni shilingi ngapi. Wapo waliotoka Msangamkuu, wapo wa Naumbu, na wengine wamekuja kutoka Sudi kwa bodaboda kukiangalia tu. Nimewajibu mmoja mmoja mpaka nikaona heri niandike. Bei nitaitaja, lakini kuna mambo ya kujua kabla ya bei, na mengi sisi tuliyajua kwa tabu.

Mimi si baharia. Boti ni yangu na kaka yangu. Yeye anashughulika na mashine na nyavu, na mara nyingine anatoka na vijana. Mimi ninashika daftari la mafuta, barafu na mauzo. Ni boti ya faiba, iko wazi, haina chumba wala paa, na inakwenda nje ya Msimbati na Ghuba ya Mnazi kutafuta nguru na jodari. Asiyeijua bahari ya huku aelewe kwamba kilindi chetu kiko karibu sana na pwani. Ukishavuka miamba, kamba ya nanga ya boti kama yetu haifiki chini. Mashine ikikuzimikia pale huna pa kujishikiza, unakwenda na maji.

Ndivyo ilivyotokea. Ilikuwa kusi, upepo umeshika, na boti ilitoka alfajiri kama kawaida. Magharibi ikaingia haijarudi. Simu ya nahodha haikupatikana, ya kijana wa pili nayo haikupatikana. Kulipokucha diko zima lilikuwa na la kusema. Huyu aliwaona Ruvula, yule alisikia wanataka kuelekea mlango wa Ruvuma, mwingine akaapa kwamba nahodha alimwambia atajaribu upande wa juu. Tulijaza mafuta boti mbili za jirani zikaenda kusini, kwa kuwa huko ndiko walikoonekana mara ya mwisho. Zilirudi jioni mikono mitupu. Kesho yake tukajaza tena.

Wakati sisi tunachoma petroli kusini, wenzetu walikuwa wanakwenda kaskazini. Shafti ya gia ilikatika tangu siku ya kwanza. Mkondo mkubwa wa Bahari ya Hindi unaotoka mashariki huigonga pwani karibu na Rasi ya Delgado, ukagawanyika. Tawi moja linashuka Msumbiji, tawi jingine linapanda na pwani yetu hadi Kenya, na msimu wa kusi ndipo hili la kaskazini linapopata nguvu. Wazee wa pale diko wanalijua hili vizuri kuliko kitabu chochote, na mmoja wao alilisema asubuhi ile ile. Ila alikuwa mmoja kati ya sauti nyingi, na mtu aliyechanganyikiwa hana mizani ya kupima sauti. Boti ilipita Lindi, ikapita Mchinga, pwani wanaiona kwa mbali bila uwezo wa kuifikia. Usiku mmoja meli kubwa iliwapita wakipunga tochi ya simu, nayo ikashika njia yake. Jahazi la mizigo ndilo lililowakuta nje ya Kilwa na kuwafikisha Kilwa Masoko. Wote walikuwa hai, Alhamdulillah, midomo imepasuka kwa chumvi na kiu. Kijana mmoja aliiacha bahari tangu siku hiyo, sasa anauza korosho, na simlaumu hata kidogo.

Gharama ya msako ilikula faida yote ya msimu, lakini hilo lilipita. Lililobaki moyoni mwangu ni jingine. Nilikuwa na hela ya mafuta, nilikuwa na watu walio tayari kuingia baharini kwa ajili yetu, na sikujua niwaelekeze wapi. Nikamwambia kaka: tunachokosa ni mahali. Tununue kitu kitakachotuambia mahali.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kifaa cha kutuma ujumbe kwa setilaiti. Mikindani huwa zinatia nanga yoti za wageni, na mgeni mmoja mwenye yoti alitukaribisha akatuonyesha vyote alivyonavyo, akatuacha tuvishike. Kile cha ujumbe ni kizuri kweli. Unaandika, unajibiwa, na mtu wa nchi kavu anaona chombo kilipo kwenye ramani. Kama tungekuwa nacho, tungeandikiwa tu kwamba gia imekatika na tungejua pa kwenda. Lakini kinalipiwa kila mwezi, kwa dola, na kinataka kuchajiwa. Boti yetu ina miezi ambayo bahari imechafuka na hakuna kinachoingia. Niliogopa siku itakapotokea dharura ndiyo iwe siku ambayo malipo yamekwama au chaji imeisha. Mwenye biashara inayotiririka mwaka mzima akinunue, sitamzuia. Kwetu hakikufaa kuwa cha kwanza.

Kilichonivutia ni kile ambacho mabaharia wanakiita EPIRB. Umbo lake ni kama chupa ndogo ya chai yenye antena. Ukikiwasha, au kikitoka kwenye kishikizo chake na kulowa maji, kinarusha ishara kwenye masafa ya megahezi 406, mara moja kila baada ya sekunde 50 hivi. Setilaiti zinaidaka, zinaishusha kwenye vituo vya ardhini, na taarifa inapelekwa kwenye kituo cha uokoaji kinachohusika. Mfumo huo unaitwa Cospas-Sarsat. Uliasisiwa mwaka 1979 na Kanada, Ufaransa, Marekani na uliokuwa Muungano wa Kisovieti, na setilaiti ya kwanza ilirushwa mwaka 1982. Hulipii mwezi wala mwaka. Betri haichajiwi, imefungwa humo humo, inakaa miaka ikisubiri, na siku ikiwashwa inapaswa kudumu saa 48 au zaidi.

Tukaanza kutafuta Dar es Salaam. Hapa ndipo ninapotaka watu wanisikilize sana.

Duka la kwanza walituletea kifaa cha bei nafuu mno, kizuri kwa macho, kina taa na king'ora. Nilipogeuza nyuma nikasoma 121.5 tu. Yule mgeni wa yoti alikuwa ameshanieleza habari hiyo. Zamani setilaiti zilisikiliza masafa ya 121.5, lakini ziliacha tarehe 1 Februari 2009. Siku hizi masafa hayo yanatumika kumwongoza mwokoaji aliyekwisha kukaribia, na vifaa vya 406 huwa navyo kwa kazi hiyo. Kifaa chenye 121.5 peke yake kitapiga kelele usiku kucha na hakuna setilaiti itakayokisikia. Muuzaji hakuwa na habari hizo, au hakutaka kuwa nazo. Mtu akikuuzia kitu kama hicho, usibishane naye, toka dukani.

Muuzaji wa pili alikuwa na kifaa cha 406 chenyewe hasa, kilichowahi kutumika melini, na bei ilikuwa inazungumzika. Kaka alikuwa tayari kulipa. Niliomba kwanza nikipige picha ile lebo. Kifaa cha 406 kama kile kina kitambulisho chake cha herufi na tarakimu 15, na ndani ya kitambulisho hicho kumefichwa namba ya nchi. Tanzania tuna 674 na 677. Kwenye tovuti ya Cospas-Sarsat kuna mahali unaingiza zile herufi 15 ukasomewa bure. Nikaingiza. Ikatoka 470, Falme za Kiarabu. Maana yake, kikipiga kelele nje ya Msimbati, setilaiti zitajua mahali, lakini watakaoulizwa hiki ni chombo cha nani ni wa huko, na wataona jina la meli ambayo pengine imeshakatwa vyuma. Waokoaji watapoteza muda kutafuta mwenye meli wakati watu wako majini. Zaidi ya hapo, betri yake ilikuwa imebakiza miezi michache, na betri hizi habadilishi fundi wa redio wa mtaani. Kifaa kinapelekwa kwa wakala aliyeidhinishwa, kinafunguliwa, kinabadilishwa betri pamoja na mipira ya kuzuia maji, kinapimwa. Bei ya kazi hiyo na usafiri wake inakaribia kukurudisha kwenye bei ya kifaa kipya.

Namba ya nchi inaweza kubadilishwa na wakala, simaanishi kwamba kifaa cha namna hiyo ni takataka. Ila ukijumlisha kubadilisha namba na kubadilisha betri, ile nafuu inayeyuka. Tuliagiza kipya, kikiwa kimeshaandikwa namba ya Tanzania kabla hakijatumwa, na tukadai betri ya miaka 10 badala ya ile ya miaka 5. Hilo la namba lisemwe kwa maandishi wakati wa kuagiza. Usingoje kifike.

Kabla ya kuagiza ilibidi tuamue ni cha namna gani, na hapa tulibishana wiki nzima, mimi, kaka na nahodha.

Kuna kinachojifungua chenyewe. Kinakaa kwenye kasha lenye kifyatuo kinachosukumwa na uzito wa maji. Chombo kikizama kufikia kati ya mita 1.5 na 4, kifyatuo kinakata, kasha linafunguka, kifaa kinaelea juu na kuanza kuita. Kaka alitaka hicho, na ukisikia maelezo yake mara ya kwanza utakitaka na wewe. Nahodha ndiye aliyeuliza swali la maana: boti yetu inazama lini? Faiba yenye viputo ndani, au mashua ya mbao, haizami kama meli ya chuma. Inajaa maji, inalala ubavu au inapinduka, inabaki inaelea tumbo juu na watu wameishikilia. Kasha litakuwa chini ya boti, ndani ya maji, nusu mita au mita moja tu. Kina hicho hakitoshi kukifyatua. Na hata kikifyatuka, kifaa kitapanda na kukwama kwenye sakafu ya boti iliyogeuka, antena haioni mbingu. Juu ya hayo, kifyatuo kile kinatakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka 2. Kwa meli na kwa boti zenye chumba kina kazi yake. Kwa chombo wazi kama chetu, tulichagua cha kuchomoa kwa mkono, kikae pale anapokaa nahodha, na tofauti ya bei tukaiweka akiba.

Halafu kuna kile kidogo cha kuvaa mwilini, PLB. Kinatumia setilaiti zile zile na masafa yale yale. Kina ubora ambao EPIRB haina: boti ikipinduka usiku, kiko kwenye jaketi la kuokolea la mvaaji, hakitafutwi. Ila betri yake inadai saa 24 tu, hakijiwashi kwa kugusa maji, na vingi havisimami wima vikielea. Mtu lazima afungue antena, abonyeze, akishike juu ya maji kikiangalia mbingu. Mwogeleaji mwenye nguvu ataweza. Mwenye mkono uliovunjika, aliyemeza maji, katika mawimbi ya kusi? Kama tungekuwa wavuvi wa ngalawa, watu wawili, ningesema nunua PLB na usihangaike na kingine, kwa sababu ni nafuu na kinahama na mtu hata akibadilisha chombo. Kwa boti yenye watu wengi na inayokwenda mbali, kikubwa kikae kwanza, kidogo kifuate.

Jambo ambalo hatukulibishania ni GPS ndani ya kifaa. Isiyo na GPS inatafutwa kwa hesabu za setilaiti, na duara la kutafuta linaweza kuwa na nusu kipenyo cha kilomita 5 hivi. Yenye GPS inatuma mahali ilipo kwa makosa ya kama mita 100. Kwa mkondo wetu, ambao kwenye kusi unaweza kukusogeza maili mbili za baharini na zaidi kwa saa, mahali pa saa tatu zilizopita si mahali tena. GPS inaendelea kusahihisha kadiri unavyosogezwa.

Mapya yana nyongeza mbili. Moja ni AIS, ambayo hufanya meli zilizo karibu zikuone kwenye skrini zao. Inafaa kwa sababu ya meli za saruji, makaa na korosho zinazoingia bandari ya Mtwara. Lakini boti zetu sisi hazina mitambo ya kuipokea, kwa hiyo jirani yako wa diko hatakuona kwa njia hiyo. Ya pili ni taa ya kukujulisha kwamba ishara yako imepokelewa, huduma iliyoanza mwaka 2020 kupitia setilaiti za Galileo za Ulaya. Ningeipenda sana hiyo kwa ajili ya mioyo ya watu walioko majini, lakini inategemea kama nchi ambayo namba yake iko kwenye kifaa imeiruhusu. Uliza kwanza kabla ya kuilipia.

Sasa bei. Kifaa, usafiri, kodi na mizunguko yangu ya Dar es Salaam vilivuka shilingi milioni mbili. Tulitoa akiba, kaka akauza pikipiki yake. Usafiri ulituumiza kuliko nilivyotarajia kwa sababu ndani kuna betri ya lithiamu, na hiyo huhesabiwa kuwa mzigo wa hatari kwenye ndege. Kampuni moja ilikataa kabisa kuubeba, nyingine ikadai makaratasi zaidi. Uliza hilo mapema, usije ukakaa wiki unangojea mzigo ambao haujaondoka.

Kifaa kikafika, na ndipo nilipoelewa kwamba kazi yangu mimi wa nchi kavu ndiyo kwanza inaanza.

Kifaa kisichosajiliwa ni mlio usio na mwenyewe. Tulianzia TASAC, kwa kuwa ndio wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini Tanzania Bara, na kituo cha uratibu wa utafutaji na uokoaji cha Dar es Salaam kiko kwao. Wamiliki walioko Zanzibar wana mamlaka yao, ZMA. Cospas-Sarsat nao wana daftari la kimataifa kwenye intaneti, bure, kwa ajili ya nchi zisizo na daftari lao. Fomu inaomba kitambulisho cha zile herufi 15, jina na namba ya chombo, rangi, urefu, idadi ya watu kinaobeba, na simu za watu wa kupigiwa.

Kwenye zile simu, nahodha aliandika ya kwake. Kaka akaandika ya kwake. Nikawauliza: siku hiyo simu hizi zitakuwa wapi? Zitakuwa majini, pamoja nanyi. Tukafuta. Walioandikwa sasa ni mimi, shemeji yangu anayefanya kazi Mtwara mjini, na mzee mmoja wa BMU, kamati ya wavuvi ya kusimamia ufukwe, ambaye hatoki tena baharini. Wote watatu tulikubaliana kwamba namba ngeni ikipiga usiku inapokelewa. Watu wengi siku hizi hawapokei namba wasiyoijua, wanahofia matapeli, na siwalaumu. Lakini simu ya kituo cha uokoaji itakuja kama namba usiyoijua.

Kinachoulizwa kwenye simu hiyo ndicho kinachoamua kasi ya yote yanayofuata. Boti imetoka kweli au iko pwani na kifaa kimejiwasha? Wako wangapi? Wanaelekea wapi? Wana maji ya kunywa, wana jaketi? Kwa hiyo daftari langu la mafuta limeongezwa safu. Kila safari ninaandika majina ya waliopanda, upande wanaokwenda, saa ya kutoka, saa ya kutegemewa, lita za mafuta na za maji. Nahodha mwanzoni hakupenda kuulizwa anakwenda wapi, kwa sababu mvuvi hatangazi pa samaki. Nikamwahidi kwamba ukurasa ule hausomwi na mtu mpaka kuwe na shida. Ameridhika.

Niwe mkweli pia kuhusu nani atakuja. Huku kwetu helikopta haikai inangojea. Kituo cha Dar es Salaam kitawatafuta Polisi Wanamaji, jeshi, bandari, na meli iliyo karibu. Mara nyingi watakaofika kwanza ni wavuvi wenzako. Kwa hiyo kile nilichokosa mwaka ule, mahali, ndicho utakachopewa kwenye simu, na wewe wa pwani uwe na boti za kuelekeza. Tumeweka dumu za petroli za akiba kwa mzee wa BMU, na makubaliano na wenye boti wawili. Jifunzeni kuandika majira ya latitudo na longitudo kwa usahihi unapotajiwa kwa simu, na kuyarudia kwa sauti. Kwa upande wetu mstari ni nyuzi 10 na ushee kusini ya ikweta, nyuzi 40 na ushee mashariki. Ukiandika namba iliyo mbali sana na hizo, huenda umesikia vibaya.

Kukifunga botini kulizua shida ya wizi. Nahodha alitaka mnyororo na kufuli, kwani boti inalala ufukweni. Haiwezekani. Kifaa kilichofungwa kufuli kitakwenda na boti. Hata ile kamba nyembamba inayokuja nacho haifungwi kwenye boti inayozama, ni ya kujifungia wewe au boya la kuokolea ili msitengane. Tulichofanya, kila jioni kaka anakibeba pamoja na kishikizo chake na kukileta nyumbani. Kishikizo kina sumaku inayokizuia kujiwasha. Kikibebwa kikavu bila kishikizo hakuna neno, lakini kikitupwa kwenye kapu la samaki lenye maji ya barafu kitaanza kuita Dar es Salaam. Ikitokea hivyo, kizimeni na mpige simu kituo cha uokoaji mara moja mseme ni bahati mbaya. Wanaonyamaza kwa hofu ya kufokewa ndio wanaowatuma watu baharini bure.

Halafu tukafanya mazoezi, na hayo ningeyafanya hata kama kifaa kingekuwa cha kuazima. Maji yamejaa ghubani, tuliazima mtumbwi wa zamani, tukafunga chupa ya plastiki kwenye kishikizo mahali pa kifaa, tukaupindua na vijana wakiwa ndani. Nahodha, ambaye ndiye tuliyedhani atakichomoa, aliibukia upande wa pili. Aliyekuwa karibu ni kijana wa omo, yaani wa mbele ya boti, na hakujua klipu inafunguliwaje. Tulirudia mpaka kila mmoja akaweza kukichomoa macho yamefumbwa, kwa mkono mmoja. Tuligundua vilevile kwamba nyavu zilizorundikwa karibu na tezi, kule nyuma ya boti, zinanasa antena, tukahamisha mahali pa nyavu.

Kitufe cha kujipima tunakibonyeza mara moja kwa mwezi, si zaidi, kwa kuwa kila kipimo kinakula betri. Na vijana wanajua si cha kuomba petroli. Mashine ikizima karibu na pwani na simu inashika, tunapiga simu. Kifaa ni cha maisha yaliyo hatarini, na kusukumwa nje bila nanga wala maji ya kunywa ni hatari ya maisha.

Hatua yetu inayofuata ni redio ya mkononi ya VHF, inayohitaji kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, halafu PLB kwa nahodha. Wenye boti wa Sudi na Naumbu wamekubali tuagize PLB pamoja ili mzigo wa hatari ulipiwe mara moja, na wa Lindi na Mchinga wanakaribishwa. Anayetaka kuingia aanze na jambo moja: chombo chake kiwe kimesajiliwa na kina jina na namba zinazosomeka ubavuni, maana fomu ya kifaa inaanza na hivyo, na bila hivyo muuzaji hana cha kuandika.